Picha za Kutazama Ukiwa Chali

Wifi yangu ni mchora mabango. Kama umewahi kupita mtaani kwetu, kazi yake umeshaiona hata kama yeye humjui: yule kondoo wa buchani anayetabasamu kana kwamba hajaambiwa yuko wapi, wale wanawake wa saluni wenye shingo ndefu na nywele zinazong'aa, lile jino kubwa jeupe lililovaa viatu nje ya kliniki ya meno. Yote ni mkono wake. Hakusomea popote. Alianza kwa kumshikia mjomba wake ngazi. Macho ya mjomba yalipochoka, yeye akapanda na mjomba akashika ngazi.

Ni mwanamke mfupi, mkimya, na rangi haimtoki kwenye kucha. Ukimwambia jambo anakutazama kwanza, tena vizuri, kama anayepima utaeneaje kwenye ubao. Kaka yangu ni seremala, nao walikutana kikazi, mmoja akitengeneza mbao na mwingine akizipaka rangi. Mpaka leo hawajakubaliana ni nani aliyemfuata mwenzake.

Mama yetu hakumkataa, lakini pia hakumwelewa. Mama ni mtu wa mlangoni. Alitulea kwa kuuza mkaa pale kizingitini, na alipoacha mkaa hakuacha kukaa. Anajua nani amepita, nani amenunua viatu vipya, nani amebadili njia ili asipite kwa anayemdai. Alikuwa anangoja mkwe wa kukaa naye pale na kupiga naye soga, akaletewa mkwe anayeshinda angani. Akampa jina la Ngazi. "Ngazi amerudi?" "Ngazi amekula?" Hakumwita hivyo kwa ubaya, ila wakibaki wawili peke yao, maneno yaliishia kwenye salamu. Nilikuwa nikiingia nawakuta wamekaa kama abiria wasiojuana.

Kisha mama akateleza uani kwenye maji ya sabuni, akavunjika mfupa wa paja.

Hospitalini daktari alitueleza kwa utaratibu. Mguu utafungwa kamba yenye uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda, uzito uuvute mfupa mpaka ukae mahali pake, na muda huo wote, wiki nyingi, mama atalala chali.

"Chali," mama akasema.

"Chali, mama."

"Kama mende."

"Kama mende," daktari akakubali. "Lakini wewe utainuka."

Siku za mwanzo mama alikuwa na wageni wa kutosha na uchangamfu wake aliouzoea. Wodi ile ya mifupa ina vitanda safu mbili, kila kimoja na vyuma na kamba zake, na madirisha yako juu mno, hata aliyekaa haoni nje. Wageni walipoanza kupungua, mama naye akaanza kupungua. Nikileta chakula kinarudi nyumbani kama kilivyokuja. Akiulizwa anajibu kwa neno moja. Nikamuuliza kama ni maumivu.

"Maumivu nayaweza," akasema. "Ni dari hili. Nimelimaliza. Misumari yake naijua, lile doa linalofanana na kiatu nalijua. Juzi alipita mjusi, nikafurahi nikasema nimepata mwenzangu. Akatazama huku na huku akaenda zake. Hata mjusi hakai."

Nesi aliniita pembeni. Akaniambia mgonjwa akikata tamaa ya kula, mfupa nao hauna cha kujengea, kwa hiyo tutafute njia. Nilirudi nyumbani nikaisimulia habari hiyo mezani, nikilia kidogo. Wifi alikuwa anasugua brashi zake. Kesho yake ilikuwa zamu yake kwenda.

Yaliyotokea siku hiyo niliyapata kwa nesi. Wifi alifika, akasalimia, akamlisha mama vijiko vichache, wakanyamaza kama kawaida yao. Halafu akavua viatu, akapanda kitanda kilichokuwa tupu upande wa pili, akalala chali.

Nesi akaja na kitoroli cha dawa. "Dada, wewe ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Basi shuka."

"Niwie radhi kidogo. Natazama anachotazama mama."

Nesi akainua macho darini, akalitazama kwa muda, kisha akasukuma kitoroli chake akaenda. Aliniambia amefanya kazi kwenye wodi ile miaka na miaka na hakuwahi kuangalia juu.

Wifi, akiwa bado amelala, akauliza, "Mama, hapo juu ungetaka paonekane nini?"

Mama alidhani ni utani. Akajibu ili yaishe tu: "Mlangoni kwangu."

Asubuhi iliyofuata wifi hakwenda kazini. Alikwenda nyumbani kwa mama, akatoa nje kile kigoda chake kifupi, akakaa pale kizingitini na karatasi magotini. Kaka alimletea kiti cha maana akakikataa, akasema ukikaa juu zaidi mtaa unabadilika. Alikuwa anauchora kama mama anavyouona: duka la fundi cherehani mbele, bomba la maji kulia, kamba ya nguo ya jirani, ukuta ambao paka wa mama huupanda kusubiri jua. Habari zikazagaa. Watu wa mtaa walianza kupita mara mbilimbili bila sababu. Fundi baiskeli, ambaye hukaa pale kwenye kona, alikwenda nyumbani akarudi amevaa suti ya harusi yake na tai.

Wifi akamtazama kwa kule kutazama kwake. "Shemeji, mama amewahi kukuona na hiyo suti?"

"Hajawahi."

"Sasa atajuaje kuwa ni wewe?"

Fundi akaenda akabadilisha, amenuna, akarudi na ile fulana yenye mafuta. Baadaye alikiri kwamba suti yenyewe ilikuwa haifungi.

Ubao wa kwanza wifi aliupaka kwa rangi za mafuta, zile za mabango. Ukatoka mzuri kweli. Tukaupeleka wodini kwa furaha, tukakutana na sista mkuu wa wodi, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Hakuutazama ubao. Aliunusa.

"Harufu hii haiingii kwa wagonjwa wangu," akasema. "Nina mwenye kifua pale, nina aliyetoka upasuaji jana. Halafu utafutwaje? Kila kitu humu kinafutwa kwa dawa. Halafu mtaushikilia na nini? Ukimwangukia mgonjwa wa paja, nitakuwa na mgonjwa wa paja na kichwa."

Mimi nilikuwa tayari kubishana, maneno yalishafika mdomoni. Wifi akanishika mkono. "Sista anasema kweli," akasema. "Nionyeshe hiyo dawa mnayofutia."

Akapewa kidogo kwenye chupa. Nyumbani akaanza upya na rangi za maji. Vipande vya mbao vilijaa jikoni. Anapaka, anasubiri zikauke, anafuta kwa ile dawa. Nyekundu ilichuruzika, kijani ikapauka, mpaka akapata zilizokaa. Mkoba wake ukawa unanuka hospitali. Kaka naye akakata plaiwudi nyepesi, akaviringisha kingo zake, akaunda miguu ya kubana kwenye chuma cha kitanda bila kugusa kamba za mguu. Tuliporudi, sista mkuu alivaa miwani, akanusa, akafuta, akautikisa ule ubao kwa mikono miwili kama anayetaka kuung'oa.

"Uwekeni," akasema.

Mama alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua, mtaa wake ulikuwa juu yake.

Nilimwona anatembea kwa macho, kuanzia bombani mpaka kwenye kona na kurudi. Wifi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, anakunja na kukunjua kitambaa, na nikagundua kwamba ana woga. Huyu anayesimama juu ya ngazi mahali ambapo wanaume wanakataa kupanda alikuwa anasubiri mama aseme nini.

"Paka huyu wa nani?" mama akauliza.

"Wako, mama."

"Wangu ana mguu mmoja mweupe."

Macho yakahamia dukani. "Na huyu fundi cherehani mbona amefunga? Mtu ana madeni ya nguo za watu, anafungaje duka?"

"Mama, alikuwa ndani. Nilichora asubuhi mapema."

"Mfungulie." Kisha akaona fulana yenye mafuta, akaanza kucheka, mwanzo kwa pua, halafu kwa tumbo, mpaka ule uzito mwisho wa kitanda ukaanza kubembea na nesi akaja mbio kuushika. Alipotulia akaomba chai, akaomba na mkate. Wifi akatoa brashi mfukoni, akapanda kistuli, akaupaka mguu wa paka rangi nyeupe na kumfungulia fundi cherehani mlango, mama akimwelekeza: hapo, hapana, zaidi, sasa umezidisha.

Ilipofika jioni wodi nzima ilikuwa inaujua mtaa wetu. Mama alikuwa na watazamaji wasioweza kuondoka, jambo ambalo maisha yake yote hakuwahi kulipata. Aliwaeleza nani ni nani na nani amemkosea nani, na waliokuwa wakifundishwa kutembea kwa magongo walisimama kwake kuuliza kama yule mwenye baiskeli ameoa.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mwalimu, mwanamke kijana aliyeumia shingo kwenye ajali ya pikipiki. Kichwa chake kilikuwa kimebanwa kati ya mifuko ya mchanga, kwa hiyo picha ya mama hakuiona hata kidogo. Aliishi kwa masimulizi. "Na mimi naomba yangu," akasema. Kwenye kitanda cha mwisho mwingine akasema na mimi.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Wifi hakumchagulia mtu. Alikaa, akauliza, akasikiliza, akachora, akakosolewa, akarekebisha. Bibi mmoja mwenye kisukari aliomba keki ya ghorofa, na nesi akasema hiyo ruksa mradi asiilambe. Mama mmoja aliyekuwa na watoto wengi nyumbani aliomba bluu. "Bluu na nini?" wifi akauliza. "Bluu tu. Usiniwekee hata ndege." Akapewa bluu yake, ubao mzima, na nadhani ndiye aliyelala vizuri kuliko wote. Kazi za mabango zikawa za asubuhi, jioni ni wodini. Kaka alilalamika kidogo juu ya plaiwudi yake, halafu nikamkuta anazipiga msasa mbao za wodini mbele ya wateja wanaongoja makabati.

Mwalimu, ambaye ndiye aliyeomba wa kwanza, akawa wa mwisho kuamua. Kila akiulizwa anasema bado nafikiri. Kabla hajaamua, siku yake ya kufanyiwa upasuaji ikafika.

Nilikuwapo siku hiyo, nimemletea mama nguo safi. Wifi aliuchukua ubao wa mwalimu, mweupe hauna kitu, na kopo la rangi na visahani, akaelekea kwenye ukumbi mdogo nje ya chumba cha upasuaji. Nikamfuata ili nimzuie. Niliona si wakati wake.

Pale kuna benchi refu. Mume wa mwalimu alikuwa amekaa mwisho mmoja, mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa mwalimu, mwisho mwingine, na katikati walikaa watu wengine wenye wagonjwa wao. Tulijua kwamba hawasemeshani. Aliyekuwa akiendesha ile pikipiki ni mume. Hakuumia zaidi ya kuchubuka, na mama mkwe hakuwa amemsamehe kuchubuka huko.

Wifi akauweka ubao sakafuni mbele ya benchi, akachuchumaa. "Shikamoo, mama. Shemeji, pole. Mwalimu alinipa kazi lakini hakuniambia anataka nini. Ninyi ndio mnaomjua."

Mume akasafisha koo. "Anapenda maua."

"Nani kakwambia?" mama mkwe akasema, akiuambia ukuta. "Maua yanampa mafua."

Mume akafikiri. "Kweli," akasema polepole. "Yanampa mafua. Mimi ndiye ninayeyapenda."

Mama mkwe akageuka kumtazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ajali. "Anapenda mvua," akasema. "Tangu mdogo. Ikinyesha anakwenda dirishani mpaka pua inagusa kioo."

"Mpaka leo," mume akasema. "Ananiita niache kila kitu nikaitazame. Namwambia ni mvua ile ile ya jana, anasema hapana, njoo uone."

"Njoo uone," mama mkwe akarudia, na tabasamu likamtoka kabla hajaamua kulitoa.

Wifi alikuwa ameshaanza kuchora fremu ya dirisha. Akapaka kijivu, akapaka miti iliyolowa kwa mbali, akafika kwenye matone. Akasimamisha brashi. "Matone ni mengi," akasema. "Nisaidieni."

Mume akachovya kidole kwenye kisahani, akaweka tone moja, dogo, kwa adabu. Mama mkwe akasogea mpaka katikati ya benchi, akainama, akaweka lake. "Yateremke," akasema, "mvua haisimami," akalivuta kwa kidole likawa mfereji. Mume akafanya hivyo hivyo. Mzee mmoja aliyekuwa akimsubiri kaka yake akaomba na yeye aweke. Askari wa kike aliyevaa sare, ambaye mtoto wake alikuwa anatolewa mafindofindo kooni, akavua kofia, akapiga magoti kabisa, na matone yake yalikuwa makubwa kuliko ya wote. Sista mkuu alipita na faili kwapani, akasimama, akautazama ukumbi wake. Akaenda. Akarudi na ndoo na tambara, akaviweka karibu yetu. "Mkimaliza mtadeki," akasema.

Tulikuwa katika hali hiyo, watu wazima tumechuchumaa na vidole vya kijivu, daktari wa upasuaji alipotoka akivua barakoa. Wote tukasimama. Akamtafuta mume kwa macho, akasema, "Imekwenda vizuri. Vidole vya mikono na miguu vinachezacheza vyote. Ameanza kuzinduka, ataamka vizuri baada ya muda."

Mama mkwe alimshika mkwewe mkono wa shati, akauachia ukiwa na alama ya vidole vyake vyote vya rangi. Shati lile, nasikia, halijafuliwa kwa sabuni kali hadi leo. Yule mzee aliyemsubiri kaka yake akamwambia daktari, "Weka na wewe lako." Daktari akasema mikono yake ni safi. "Ndiyo maana," mzee akasema. Daktari akaweka lake, pale pembeni juu, halafu akaenda kuosha tena kwa ajili ya mgonjwa aliyefuata.

Mwalimu alipofumbua macho vizuri, mvua ilikuwa inanyesha juu yake. Aliitazama muda mrefu. "Tone hili kubwa ni la nani?" akauliza kwa sauti ya kukwaruza.

"La askari," mume akasema.

"Askari gani?"

Ikabidi asimuliwe yote, mume akianza na mama mkwe akimalizia, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Mama alitoka hospitali akitembelea chuma cha kujishikizia. Ile picha ya mtaa aliiacha, kwa sababu kitandani pake aliingia mwanamke kutoka mbali, asiye na wageni, na swali lake la kwanza lilikuwa yule mwenye fulana ni nani. Mama alichelewa kuondoka akimpa maelezo. Na sasa, siku wifi anapokwenda wodini, mama naye anataka apelekwe. Wametafutiwa chumba kidogo kilichokuwa cha kuhifadhia vitanda vibovu, mbao zimepangwa humo, na mama amekaa mlangoni kwenye kigoda, anakosoa. Wanabishana kuhusu urefu wa masikio ya mbuzi kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana. Jina la Ngazi halijabadilika, ila siku hizi mama halitumii kuwauliza watu wengine. Anamwita wifi mwenyewe kwa jina hilo, naye anaitika.

Wiki iliyopita niliwafuata. Wodi ya macho ilikuwa na dereva wa lori mstaafu, macho yote mawili yamefungwa bandeji, naye alisikia watu wakichorewa. "Na mimi nataka," akasema. Nesi akacheka, akamwambia asubiri kwanza afunguliwe. Wifi hakucheka. Alivuta kiti.

"Unataka nini, baba?"

"Ng'ombe. Nilikuwa naye, mwekundu, pembe moja imelala."

Wifi akachora akimsimulia kila anachoweka. Sasa ni mgongo. Sasa ni pembe, hii ya kushoto inashuka. "Kulia," mzee akasema. Sasa ni tumbo. "Kubwa?" Kubwa. "Ongeza. Alikuwa mlafi." Mama, kutoka mlangoni, akaunga mkono kwamba liongezwe. Ilichukua muda wote wa kuwatazama wagonjwa, na yule mzee alikuwa ameinamia upande wa sauti, mikono ikimchora ng'ombe wake hewani.

Alipofunguliwa bandeji tulikuwapo. Daktari alipunguza mwanga, akaitoa polepole, akanyanyua vidole mbele ya uso wa mzee, akamuuliza anaona vingapi.

"Ng'ombe yuko wapi?" mzee akasema.

Wifi akamsogezea ubao. Mzee alikaza macho, machozi yakimtoka kwa mwanga, akausogeza karibu, akausogeza mbali, akausogeza tena karibu mpaka pua ikagusa rangi.

"Umempendelea," akasema hatimaye. "Huyu wangu alikuwa na sura mbaya kuliko hivi."

Mama akasema anajua, na kwamba yeye alishamwambia. Wifi akachukua brashi akauliza ubaya wenyewe ulikuwa wapi hasa, puani au machoni, na mzee akaanza kumwonyesha kwa kidole, wote watatu wameinama juu ya ubao, huku daktari akiwa bado amenyanyua vidole vyake hewani.